Kumpima Mzee Mzima: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kliniki

Kuna maneno matatu ninayoyasikia kila asubuhi kwenye benchi la kliniki: “Ni uzee tu.” Mama haoni vizuri, ni uzee tu. Baba amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi, ni uzee tu. Bibi hatoki tena nje, ni uzee tu. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wagonjwa wa nje hapa Mombasa, na kwa miaka sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapima wazee. Maswali haya huulizwa na watoto, wakaza wana na wazee wenyewe. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Kupimwa huku ni kupi? Si ndiko kule kwa presha na sukari?

Presha na sukari zimo, lakini hapo ndipo tunapoanzia tu. Mzee anaweza kuwa na presha nzuri na sukari nzuri na bado asiweze kujiinua chooni. Kwa hivyo tunaangalia anavyotembea, anavyoona, anavyosikia, anavyokula, kumbukumbu yake, moyo wake una furaha au umeingia giza, mkojo, usingizi, dawa anazomeza, nyumba anamoishi na watu anaoishi nao. Kisha tunaunganisha, maana mambo haya hushikana mikono. Sikio likiziba, mzee huacha baraza. Akiacha baraza hukaa kitandani. Akikaa kitandani miguu hulegea. Miguu ikilegea huanguka. Ukitibu mguu peke yake hujafika kwenye sikio.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Katika miaka ya 1930 daktari wa Uingereza, Marjory Warren, alikabidhiwa wodi za hospitali moja magharibi mwa London zilizojaa wazee waliokuwa wamelala miaka, wakihesabiwa hawana dawa. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawatoa kitandani, akawafunza kutembea upya, na wengine wao wakarudi makwao. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa mwaka 2019, unaoweza kufuatwa hata kwenye zahanati isiyo na daktari bingwa. Unaangalia mambo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na hali ya moyo, yaani furaha na huzuni. Sisi huanzia na hayo sita, halafu tunaongeza yetu.

Mzee ni wa umri gani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu mzee kuwa ni aliyepita miaka 60, na sensa ya 2019 ilihesabu takriban milioni 2.7 wa umri huo nchini. Lakini kliniki hatutazami cheti cha kuzaliwa peke yake. Nina bibi wa miaka 84 anayeuza mahamri alfajiri na kukanda unga kwa mikono yake, na nina mtu wa 63 aliyepata kiharusi ambaye hawezi kufunga kifungo cha shati. Huyu wa pili ndiye anayehitaji kupimwa kwanza.

Mamangu hana ugonjwa wowote, amepungua tu. Nimlete?

Mlete. Hilo “amepungua tu” ndilo tunalolitafuta.

Watu husubiri maumivu au homa. Uzeeni mambo mengi hayaanzi hivyo, huanza kwa kitu kilichoachwa, tena kwa sababu inayosikika nzuri. Kwa hivyo watu wa nyumbani siwaulizi “anaumwa wapi?” Nawauliza: Bado anakalia mbuzi kukuna nazi, au sasa anataka nazi ya kununua iliyokunwa? Bado anasujudu, au ameanza kuswali kwenye kiti? Kanisani anasimama wakati wa wimbo? Akivuka Likoni anateremka ule mteremko wa feri mwenyewe, au amesema feri ina msukumano siku hizi? Nguo alizoshona sikukuu iliyopita bado zinamkaa? Anatuma pesa kwa simu mwenyewe, au siku hizi anampa mjukuu namba yake ya siri?

Kila mojawapo lina sababu yake nzuri, na huenda sababu hiyo ni ya kweli. Lakini vitu vitatu vikiachwa ndani ya mwaka mmoja, usiseme ni uzee. Kadhalika akiwa ameanguka hata mara moja mwaka huu, amepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 3 bila kutaka, au ametoka hospitali karibuni.

Siku yenyewe mtamfanya nini? Anaogopa sindano.

Kazi kubwa haina sindano. Damu tunaweza kuitoa mwishoni, kama ina sababu.

Kwanza tunaamkiana. Shikamoo na marahaba hizo si adabu tu, nazihesabu kama kipimo: naona kama amenisikia, kama ameniangalia usoni, kama sauti ina nguvu. Halafu namtazama akitoka kwenye benchi hadi kitini kwangu. Kabla sijaandika lolote nimeshajua mengi.

Niwaeleze siku moja ilivyokuwa. Alikuja mzee mmoja wa Mji wa Kale, kofia ya viua kichwani, kanzu imepigwa pasi, na kijana wake nyuma. Akanambia, “Mimi mzima, mwanangu. Ni hawa watoto wana wasiwasi.” Nikamwomba akae kwenye kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano mbio awezavyo. Mtu mwenye miguu ya kutosha humaliza ndani ya sekunde 14. Mara ya kwanza aliinuka vizuri. Mara ya pili mkono ulichomoka kifuani ukashika paja. Mara ya tatu alijirusha mbele ili apate kuinuka, kisha akaanguka kitini kwa kishindo, akabaki hapo akihema. Saa ilikuwa imeshapita sekunde 20.

Nikamuuliza kuhusu swala. Akasema anaswali kwenye kiti tangu mfunguo mosi. Nyumbani walidhani ni magoti, na duka la dawa likamuuzia vidonge vya magoti. Nikayabonyeza magoti, hayakuuma. Mapaja ndiyo yaliyokuwa yameisha, nyama imepukutika. Nikamuuliza anakula nini. Chai na mkate wa kuchovya asubuhi, uji mchana, usiku chai tena. Na samaki? Akanyamaza. Kijana wake ndiye aliyesema: meno ya bandia yalivunjika, na mzee hakutaka kutafuna mbele ya watu.

Basi njia ilikuwa hiyo: meno, kisha sahani, kisha mapaja, kisha msikiti. Mashine ya presha isingetufikisha hapo.

Vipimo vingine ni vyepesi. Tunamwambia ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, anguko liko karibu naye. Macho tunayapima kwa ubao, jicho moja moja, na ubao wa herufi E kwa asiyesoma. Masikio tunayapima kwa mnong’ono: nasimama ubavuni nyuma kidogo, umbali wa mkono, sikio la pili limezibwa kwa kidole, nanong’ona maneno manne ayarudie. Kabla ya hapo naangalia ndani ya sikio, maana nta peke yake imewahi kumfanya mtu aitwe kiziwi nyumbani kwake. Uzito tunaupima kila anapokuja, na unene wa shavu la mguu kwa utepe. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua.

Bibi yetu hakwenda shule. Mtampimaje akili?

Swali zuri, na nasikitika kwamba vipimo vingi vinavyojulikana vilitungwa kwa watu waliosoma. Ukimwambia chora saa, mtu ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa, na atatoka kliniki ameandikwa kuwa akili imekwenda. Hiyo ni dhuluma. Wako pia wazee wetu waliosoma chuo cha Kurani, wanasoma Kiarabu vizuri sana lakini herufi za Kizungu hawazijui. Nao hupotea kwenye karatasi hizo hizo.

Hapa jirani zetu wa Tanzania wametufaa. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee hupewa njiti za kiberiti apange umbo alilooneshwa, husomewa maneno akaulizwa baadaye anayoyakumbuka, hutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Bibi zetu hufanya haya bila kuona haya.

Kwa uchunguzi wa haraka nampa maneno matatu, tuseme nazi, mlango, mvua. Tunaongea mengine: leo siku gani, hapa tulipo ni wapi. Kisha namuuliza yale matatu. Akikosa, hiyo bado si hukumu. Ni sababu ya kupima kwa kina siku nyingine, akiwa amelala vizuri, amekula na amevaa miwani yake.

Watu huniambia, “Lakini anasoma Yasini yote kwa moyo, akili yake nzima!” Naelewa wanavyofarijika. Ila yaliyohifadhiwa utotoni hukaa ndani sana, na mara nyingi ndiyo ya mwisho kuondoka. Kinachotangulia kupotea ni cha leo asubuhi: alikula nini, nani alikuja, ufunguo ameuweka wapi. Nasikiliza zaidi habari za jiko: sufuria imeungua mara ngapi, chumvi imetiwa mara mbili, amewahi kusimama njia panda ya mtaa aliokaa miaka 40 asijue pa kugeukia.

Akisahau basi ndiyo imekwisha? Hakuna dawa?

Usahaulifu una baba wengi. Baadhi yao wanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12 (waliotumia metformini ya sukari kwa miaka mingi wako hatarini), dawa zinazolewesha, masikio yaliyoziba, na huzuni. Ndiyo maana tunatafuta kwanza kabla ya kutamka neno zito. Pakibaki ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wenyewe, hatuna dawa ya kuuondoa, lakini nyumba ikijua inachopambana nacho maisha hubadilika: ugomvi hupungua, gesi huwekewa mlinzi, na pesa husimamiwa na anayeaminika.

Jamaa wanasema amerogwa, wengine wanasema yeye ndiye mchawi.

Nawaomba msome hapa taratibu. Mzee anayezunguka usiku, anayezungumza na marehemu mumewe, anayekutwa mlangoni kwa jirani bila leso, asiyemtambua mwanawe, mara nyingi ni mgonjwa wa ubongo. Pwani yetu, hasa Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Dalili hizi zinajulikana kitabibu na zina jina. Mleteni mapema, na mkiona maneno yameanza mtaani semeni na mzee wa mtaa na chifu siku hiyo hiyo. Usalama wake ni sehemu ya matibabu.

Kwa nini mnataka tuje na dawa zote? Zimeandikwa kwenye kitabu.

Kilichoandikwa kwenye kitabu si kile kinachomezwa.

Bibi mmoja alifungua fundo la leso mezani kwangu. Zikatoka bahasha ndogo nyeupe za duka la dawa, nyingine maandishi yamefutika kwa jasho, vidonge vilivyokatwa nusu, na karatasi mbili za vidonge zenye rangi tofauti. Nikasoma nyuma ya zile karatasi: zote mbili ni amlodipini, dawa ya presha, moja imetoka hospitali na nyingine duka la mtaani, majina ya kiwandani mawili tofauti. Alikuwa anameza zote, na kwa kuzidi huko miguu imemvimba. Kwa sababu miguu imevimba, mtu mwingine akampa dawa ya kukojoa. Kwa sababu ya dawa ya kukojoa anaamka usiku mara nne, na katika mojawapo ya safari hizo ndipo alipoanguka akaumia kiwiko. Tuliondoa dawa mbili. Hatukuongeza hata moja.

Kuna dawa ambazo kijana humeza zikampita salama, na mzee zikamwangusha. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani aliongoza kazi ya kuziorodhesha, na orodha hiyo husahihishwa mpaka leo. Zilizo nyingi kwetu ni hizi. Vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua na mwasho, ambavyo watu humeza ili walale: huchanganya akili, hukausha kinywa na kuziba mkojo, hasa kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyokua. Diklofenaki na ndugu zake za maumivu: hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Glibenklamidi ya sukari: huishusha sukari na kuikalisha chini masaa mengi. Na vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ambavyo ni njia fupi ya kuvunjika nyonga.

Tafadhali msiache dawa wenyewe mkishasoma hapa. Nyingine zikikatwa ghafla huleta balaa. Zileteni zote, pamoja na za miti shamba, za kunusa na za kupaka. Sitamgombeza mtu kwa dawa ya mkunga au ya mganga. Nataka tu kuiona.

Kwa nini mlimpima presha akiwa amelala, kisha amesimama?

Kwa sababu wazee wengi presha zao hushuka wanapoinuka. Tunamlaza dakika 5, tunapima, anasimama, tunapima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, tumepata sababu ya kizunguzungu cha alfajiri. Mombasa kuna la ziada: joto. Miezi ya Januari hadi Machi mtu anatokwa jasho amekaa tu, na wazee wengi hujinyima maji makusudi ili wasiamke usiku au wasibanwe kwenye matatu. Dawa ya kukojoa juu ya mwili uliokauka humlaza mtu chini.

Baba ana sukari na Ramadhani inakaribia. Hataki kusikia habari ya kutofunga.

Mlete wiki sita au nane kabla, si siku ya kuandama mwezi. Tunapima figo, tunaangalia dawa zake, tunamuuliza kama sukari imewahi kumshuka. Wengine hufunga salama baada ya kubadilishiwa dawa na saa za kumeza. Mwenye figo mbovu, anayejidunga insulini mara nyingi, au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka, tunamwambia wazi kwamba saumu itamdhuru. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na hapa imamu wa msikiti wake akilisema neno hilo huingia moyoni kuliko likitoka kwangu. Nimewahi kumwomba kijana aje na imamu kliniki, na alikuja. Kupima sukari kwa tone la damu mchana wa saumu, wanazuoni wengi wanasema hakufunguzi.

Na kwa mzee dhaifu hatukazanii sukari iwe kama ya kijana. Sukari kuwa juu kidogo haimwui leo. Ikishuka usiku peke yake chumbani, inaweza.

Nyumba yetu ina ngazi. Tumhamishe?

Si lazima. Nyumba za Mji wa Kale ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, lakini kamba au chuma cha kushikia, taa inayowaka usiku na ukingo wa kila ngazi kupakwa rangi nyeupe hupunguza mengi. Choo ndicho kinachoniumiza kichwa zaidi: sakafu laini, maji, kandambili zilizokwisha. Wekeni chuma cha kushika ukutani na kiti cha choo kwa asiyeweza kuchuchumaa. Busati linalokunja pembe liondoeni leo.

Mbona mlitutoa nje mkabaki na mama peke yake?

Msione vibaya. Kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe wa kiume, wala mbele ya mkaza mwana. Mkojo unaomponyoka akikohoa ni mojawapo. Wamama wengi wameacha harusi na matanga kwa ajili ya hilo, wakidhani halina tiba. Mazoezi ya misuli ya chini na kupangilia saa za kwenda haja huwasaidia wengi wao. Huzuni ni lingine. Tunauliza: katika wiki mbili zilizopita moyo umekuwa mzito? Mambo uliyokuwa ukiyapenda bado unayapenda? Nimeona mama akitabasamu mbele ya wanawe watano, na mlango ulipofungwa akalia mpaka leso ikalowa.

Na tunauliza pia kama kuna anayempigia kelele, anayemnyima chakula, au anayechukua zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii ambazo serikali huwapa wenye miaka 70 na zaidi. Tunawauliza wote, wa nyumba nzuri na wa nyumba mbaya.

Halafu tunamwita anayemtunza, tunamuuliza yeye analalaje. Mara nyingi ni binti mmoja aliyeacha kazi yake wakati wengine wanatuma pesa kutoka Nairobi na Doha. Akichoka huyo, mzee hana mtu.

Tunaomba mkipata jambo baya mtuambie sisi, yeye msimwambie.

Najua mnasema hivyo kwa mapenzi. Lakini mwili ni wake. Sisi humuuliza mwenyewe: “Majibu yakitoka ungependa nikwambie wewe, au nizungumze na watoto?” Wapo wanaosema “mwambie mwanangu wa kwanza,” na tunaheshimu. Wapo wanaosema nambie mimi, na nikimwambia huvuta pumzi na kusema alikuwa ameshajua. Kitu kimoja sikubali: kuzungumza juu ya kichwa cha mzee aliyekaa pale pale kama hayupo.

Inachukua muda gani, na tunalipa nini?

Ziara ya kwanza hupita saa moja. Kliniki nyingi foleni hairuhusu, kwa hivyo tunaigawa: siku ya kwanza yale mambo sita pamoja na uzito na presha, kwenye benchi, kwa mkono wa muuguzi, siku ya pili dawa na akili, siku ya tatu mpango. Madaktari waliobobea katika tiba ya wazee ni wachache mno nchini, msiwasubiri. Tabibu, muuguzi na mtaalamu wa viungo wakikaa meza moja wanafanya mengi.

Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024. Msajilini mzee kwa kitambulisho chake na mhakikishe simu iliyoandikwa ni ya mtu anayepatikana. Akishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi; kulazwa hospitalini kunataka mchango uwe umelipwa. Ulizeni dirishani kabla ya vipimo, si baada.

Hawezi kutoka nyumbani kabisa.

Mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu takriban 100,000 nchi nzima, pamoja na mashine ya presha na ya sukari. Mhudumu anaweza kumuuliza yale mambo sita akiwa amekaa kitandani kwake, na kutuletea habari. Kwa kweli nyumbani huonekana zaidi: jiko lina nini, kitanda kina urefu gani, maji yanatekwa wapi.

Hivi inasaidia kweli, au ni maswali tu?

Nitawaambia kama ilivyo. Ushahidi wenye nguvu ni wa wazee waliolazwa: uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 29 kutoka nchi 9 ulionesha kwamba waliopimwa hivi hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuwa majumbani mwao miezi kadhaa baadaye. Kwa kliniki za nje ushahidi ni hafifu zaidi, na sababu moja naiona kwa macho yangu: kupima bila kufuatilia ni kazi bure. Karatasi ikijazwa ikatiwa kabatini, mzee hakupata kitu. Ndiyo maana tunawasumbua kwa simu.

Baada ya kupimwa kunatokea nini?

Tunamuuliza mzee: kati ya yote haya, wewe unataka nini? Majibu hayafanani na yetu. Bibi mmoja wa Kongowea alitaka aweze kukaa mkekani kwenye harusi ya mjukuu na kuinuka bila kuvutwa. Mzee mwingine alitaka asome gazeti. Kisha tunachagua mambo mawili au matatu, si kumi na mawili, tunayaandika kwa Kiswahili kwenye kitabu chake, na kila jambo lina mwenyewe wa kulifuatilia.

Yule mzee wa Mji wa Kale alitaka swala ya alfajiri msikitini kwa miguu yake. Tulimpeleka kwa daktari wa meno. Mkaza mwana akaanza kumpa mayai, mbaazi zilizopikwa mpaka zikalainika, na samaki wa kuchambua. Mtaalamu wa viungo akampa zoezi moja: kuinuka kitini mara tano, asubuhi, mchana na jioni, mjukuu akihesabu. Vidonge vya magoti tulivisimamisha. Baada ya miezi mitatu alimaliza mara tano kwa sekunde 15. Bado hajafika 14, na bado anabeba bakora. Msikitini anakwenda.

Ni lini tusisubiri kliniki?

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla, au maneno yakikatika. Akianguka asiweze kuukanyagia mguu. Kifua kikibana. Na hili watu hulikosa: akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, leo anasinzia kesho anapiga kelele, huo si usahaulifu wa uzee. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, malaria, sukari iliyoshuka, choo kilichofunga au dawa mpya, na mzee anaweza kuwa na haya yote bila homa yoyote. Mpelekeni sehemu ya dharura mara moja, Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu nanyi, usiku ama mchana.

Tuje na nini?

Dawa zote ndani ya mfuko mmoja. Miwani, meno, bakora na kifaa cha sikio kama kipo. Kitambulisho, kitabu cha kliniki na picha za zamani za eksirei. Viatu anavyovaa kila siku, si vile vya sikukuu. Na aje na mtu anayeishi naye, anayejua alikula nini jana usiku. Ndugu wa mbali tutampigia simu. Njooni asubuhi, jua halijawa kali, na mzee awe amekwisha kunywa chai.